Wauza rimu mnaofunga nati zisizo zake: mtaua watu!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie.

Kuna tabia imeota mizizi kwenye maduka ya rimu na kwa mafundi tairi hapa Dar. Unanunua rimu za sport za Prado, Hilux au Patrol, wanakufungia kwa nati zilezile ulizokuja nazo, au wanachota kwenye kopo lao. Ukiuliza unajibiwa: "Nati ni nati bosi, mradi imeingia." Si kweli hata kidogo! Meno ya nati lazima yaendane na stadi (ile bolti ya gari ambayo nati inafungiwa), na kichwa chake lazima kikalie sawasawa tundu la rimu. Hawa jamaa wakijitahidi sana wanaangalia meno, tundu hawana habari nalo.

Gari yangu ni Prado ya 120. Rimu zake za alumini za kiwandani zina tundu lenye kikalio bapa, na nati zake zina shingo inayozama ndani ya tundu pamoja na washa pana (kipete bapa) iliyoshikana nayo. Rimu walizoniuzia, kama zilivyo nyingi za sport, zina tundu la koni, yaani linalopungua kuelekea ndani kama faneli, nyuzi 60. Hapo inatakiwa nati ya koni ya nyuzi 60, basi. Wao wakarudisha nati za zamani kwa mashine ya upepo. Washa ikakaa kwenye mdomo wa tundu, koni ya ndani haijaguswa na kitu. Kwa nje unaona nati imekaza safi kabisa.

Tukiwa safarini njia ya Iringa, usukani ulianza kutetema tulipoipita Mikumi, ukazidi, tukasimama Ruaha Mbuyuni, chini ya Kitonga. Gurudumu la mbele kushoto: stadi moja imekatika, nati mbili nazungusha kwa vidole. Kila tundu limezungukwa na unga wa kijivu wa alumini, ukingo umelika upande mmoja kama mwezi mwandamo, na meno ya stadi yamelala pale rimu ilipokuwa inayasugua. Ndani ya gari yumo mama yangu na watoto. Hebu fikirieni tungekuwa tunateremka Kitonga na malori nyuma yetu.

Nikawapigia simu. Jibu: "Barabara mbovu hizo bosi, ulitakiwa uwe unakaza njiani." Barabara mbovu? Prado imetengenezwa kwa ajili ya barabara mbovu! Na ile ni lami ya Iringa. Mnauza rimu za kupandia milima halafu mnalaumu matuta?

Nawaeleza, maana inaonekana hakuna aliyewahi kuwaeleza. Kinacholishika gurudumu ni mbano. Ukikaza nati, stadi inavutika kidogo sana, na huo mvuto ndio unaoibana rimu kwenye uso wa habu (kitovu cha gari zinapotokea stadi) isisogee. Nati ikikalia ukingo mwembamba, ukingo unapondeka, mvuto unapotea, rimu inaanza kucheza na stadi inapindwa kila gurudumu linapozunguka mpaka inachoka na kukatika. Kinyume chake ni balaa vilevile: nati ya koni kwenye tundu bapa inagusa duara jembamba tu la alumini na kulichimba. Unakaza leo, kesho imelegea, unakaza tena, inachimba zaidi.

Sasa hilo kopo la nati za mchanganyiko. Prado na Hilux ni stadi ya milimita 12, nafasi ya jino hadi jino 1.5. Patrol Y61 ni 12 pia, lakini nafasi ni 1.25. Land Cruiser za 100 na 200 ni 14 kwa 1.5. Nati ya Hilux kwenye stadi ya Patrol itaanza kuingia, kisha inagoma. Ukianza kwa mkono unaigundua papo hapo. Fundi anayeanza na mashine hagundui kitu, inasaga meno mpaka mwisho na yeye anakwambia "imekaza hiyo". Kwa stadi ya 12 kwa 1.5, nati ianze kwa vidole na izunguke si chini ya mara 8 kabla haijashika. Ikishika mapema, stadi ni fupi kwa rimu hiyo, usiondoke nayo.

Na spea je? Spea yangu imebaki rimu ya kiwandani, kwa hiyo inataka nati zake za zamani ziwe ndani ya gari muda wote. Nani pale dukani alinieleza hilo? Nipate pancha porini usiku nifungie nini?

Kitabu cha Prado kinataka nati zikazwe kwa nguvu ya 112 Nm (nyutoni mita), kwa kuvuka kutoka nati moja kwenda ya upande wa pili, na si kuzifuata kwa mduara. Duka zima lile halina spana ya kupimia nguvu hiyo, wana mashine ya upepo na bomba la kurefushia wili spana. Wala hakuna aliyeniambia nikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100, jambo ambalo kwa rimu mpya ni la lazima. Leo wanakuja kuniambia "ulitakiwa uwe unakaza"!

Ninachodai ni hiki: walipe stadi zote sita za gurudumu lile, wabadilishe rimu iliyolika, na wanipe nati za koni kwa magurudumu yote manne. Kujaza tundu kwa weldi na kupaka rangi sikubali, wameshajaribu kunishawishi. Picha za matundu na stadi ninazo, na risiti ninayo.

Kama nawe umefungiwa rimu za sport na hukupewa nati mpya, fungua moja uiweke kando ya tundu lake uangalie inakaa wapi. Wekeni picha hapa tuziangalie pamoja. Na mwenye kujua duka la Ilala au Gerezani linalouza nati za koni za kweli, si zile za kifuniko chembamba kinachovimba na kuikataa spana, anielekeze.