Naomba ushauri: uhakiki wa Bleach, mkasa wa Bount niuruke?

Habari za jioni wakuu. Naandika uhakiki wa Bleach, anime (katuni ya Kijapani), kwa Kiswahili, mkasa baada ya mkasa, na nimekwama.

Mkasa wa Soul Society, ulimwengu wa roho, nimeujazia kurasa tisa za daftari na bado naona sijautendea haki. Rukia, aliyehukumiwa kifo, yuko juu kabisa, ameshakubali kufa, ndege wa moto anamjia, mara Ichigo, shujaa wetu, anatokea hewani na kumzuia kwa upanga mmoja. Halafu Aizen, nahodha tuliyeambiwa ni marehemu, anarudisha nywele nyuma na kusaga miwani yake kiganjani. Nimerudia pale mara nne, kila mara mwili unasisimka.

Shida inaanzia epsodi ya 64. Bount, kundi la watu wanaoishi kwa kula roho, wanaingia na hawatoki mpaka ya 109: epsodi 46 ambazo hazimo kwenye manga (vitabu vya katuni) ya Tite Kubo, mtunzi wa hadithi yenyewe. Kinyongo cha Kariya, kiongozi wao, kinanigusa kweli, lakini mwendo ni wa kobe. Niuruke mkasa mzima, au niupe aya mbili tu? Naogopa kumdanganya msomaji kwamba haupo.

La pili, usaliti wa Aizen. Ni hadithi ya miaka mingi, lakini mdogo wangu ndiyo kwanza yuko epsodi ya 30, na wa aina yake ni wengi. Niutaje waziwazi au nitawaharibia uhondo?

Waliowahi kuandika uhakiki wa hadithi ndefu namna hii, nisaidieni. Nataka kuendelea na mkasa unaofuata, wa Arrancar, wikiendi hii.