Kunguru wananimalizia vifaranga na minana wa mnazini, naombeni ushauri

Mnazi_Mmoja_Kgb: Habari za jioni wakuu. Nyumbani Kigamboni tuna mnazi ambao minana wamekuwa wakijenga tangu nikiwa mdogo. Msimu huu kunguru wanakuja alfajiri, wanachana viota na kutoa makinda mmoja mmoja. Vifaranga wangu walikuwa 14, wamebaki 3. Kuna dawa gani ya kuwamaliza bila kudhuru ndege wengine? Naomba majibu ya haraka.

Bibi Shamba: Pole mwanangu. Mimi vifaranga nawafunika tenga mpaka wafikishe mwezi. Hao ndege ni wezi, mwaka jana mmoja alinibebea sabuni nikiwa nafua, akaenda kutua nayo juu ya msikiti.

Mzee wa Kivukoni: Tunatupa matumbo ya samaki kila kona halafu tunalaumu kunguru. Safisheni mitaa kwanza.

Ndege_na_Miti: Mkuu, ni kunguru yupi? Mwenye kifua cheupe ni wa kwetu, muache. Mwenye shingo ya kijivu ni kunguru wa India, aliletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka, leo ameenea pwani nzima. Dawa yake maalumu ipo, inaua polepole na haiachi sumu nyingi kwenye mzoga, ila huwekwa na wataalamu wenye kibali. Kuna pia mtego wa wavu, ndani unaweka kunguru hai awaite wenzake. Sasa hiyo haraka ni ya nini? Umeshaweka kitu?

Mnazi_Mmoja_Kgb: Ni wa shingo ya kijivu. Haraka ni kwa sababu wanazidi.

Dada wa Malindi: Huku kwetu Kenya, mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja. Hotelini nilikofanya kazi walikuwa wanachukua mkate mkononi mwa mgeni.

Ndege_na_Miti: Mwenye uzi, hujanijibu.

Mnazi_Mmoja_Kgb: Sawa. Juzi nilichanganya dawa ya wadudu wa mahindi na utumbo wa samaki, nikaweka juu ya bati. Walikufa kunguru wanne. Na mwewe mmoja. Lakini jamani, ningekaa tu nawaangalia? Nusu pakiti bado ninayo, kesho nitaweka kidogo, muda wanaokuja wao peke yao.

Kiboko ya Chai: Chai hii. Kunguru akifa mmoja, wenzake wanajaa kupiga kelele na chakula kile hawakigusi tena. Wanne watoke wapi? Weka picha.

Dada wa Malindi: Hata mimi nimeanza kushtuka. Mwanzo hakumtaja mwewe kabisa.

Mnazi_Mmoja_Kgb: Sina picha. Mwewe nilimzika na mwanangu wa miaka sita, akaniuliza kama naye alikula vifaranga wetu. Anayeona natunga, sawa.

Ndege_na_Miti: Iwe chai isiwe chai, kuna mtu anasoma hapa na pakiti kama hiyo anayo ndani. Sumu ile haichagui: mwewe, paka, kuku wako mwenyewe. Mkuu, utumbo uliobaki uko wapi?

Mnazi_Mmoja_Kgb: Bado uko juu ya bati.

Ndege_na_Miti: Maji ya mvua ya bati hilo mnakinga?

Mnazi_Mmoja_Kgb: Ndiyo, yanaingia kwenye simtanki.

Bibi Shamba: Panda sasa hivi mwanangu, na uvae glavu. Mtoto asinywe maji hayo.

Mnazi_Mmoja_Kgb: Natafuta ngazi.