Kijana anayejitanda kanga kusomea watoto hadithi, wazazi wamekuja juu

Mama Naima
Habari za jioni wakuu. Nina kikundi cha hadithi cha watoto, uani kwangu Mbagala, kila Jumamosi. Kijana anayenisaidia akifika kwenye bibi anajitanda kanga, anapinda mgongo, anakohoa, watoto hoi. Juzi mzazi mmoja karusha kwenye grupu la WhatsApp video ya Marekani: mwanaume, wigi la pinki, kope ndefu, anasomea watoto maktaba. Basi imekuwa kesi, wawili wameshatoa watoto wao. Ile ya Marekani ni nini hasa? Na mimi nifanyeje?

Mzee wa Temeke
Binti yangu, aache tu. Kosa hana, ila watu wana hasira na mambo haya. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu ya maadili. Kanga yenu itapona?

Msomaji wa Ilala
Shikamoo mzee, lakini tusichanganye. Ile ya Marekani inaitwa Drag Story Hour, ilianzia San Francisco mwaka 2015, aliyeianzisha ni mwandishi Michelle Tea. Wasomaji ni wasanii wa jukwaani, wengi wanaume wanaojipamba kike, na waandaaji hawafichi: wanataka watoto wazoee watu wa kila namna. Wapinzani wanasema hapo ndipo shida ilipo. Juni 2022 watu wa Proud Boys, kundi la siasa kali za mrengo wa kulia, walivamia maktaba San Lorenzo, California, wakamtukana msomaji watoto wakiwapo. Mwaka uliofuata jimbo la Montana likatunga sheria ya kuzuia usomaji huo kwenye shule na maktaba za umma, mahakama ikaisimamisha. Bibi wa Mbagala anaingiaje humo? Mchekeshaji Joti kavaa gauni kwenye runinga miaka yote, wazazi hao hao wanacheka.

Mama Naima
Hilo la Joti nimewaambia. Mmoja kanijibu Joti anaangaliwa na wakubwa. (Mwanawe ndiye anayemwigiza Joti kuliko wote hapa uani.)

Binti Kariakoo
Waite waje wakae mkekani waone wenyewe. Atakayekataa bado, mtoto ni wake, usigombane naye. Ila usimfukuze kijana kwa video ya mtu asiyemjua.

Mama Naima
Nimeongea naye. Kanga yuko tayari kuiacha, sauti ya bibi haachi. Wazazi nimeshawaalika Jumamosi. Itasomwa ya fisi, tuone na huyo watamkatalia nini.