Laikeni na sianobakteria zinaishije jangwani bila mvua?

Kokoto_Njano: Wakuu habari zenu. Nimeona picha za jangwa la Namib, changarawe zimefunikwa na vitu vya rangi ya chungwa, wanasema ni laikeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Sasa mvua pale karibu hamna, mizizi haina, maji inapata wapi? Mwenye kujua anieleweshe taratibu.

MzeeWaMawe: Swali zuri mkuu. Laikeni haishindani na ukame, inakubali kukauka kabisa, ukiishika inavunjika, kazi zote mwilini zinasimama. Pale Namib ukungu unaingia usiku kutoka Atlantiki, laikeni inaunyonya kwa mwili mzima ndo maana mizizi haina kazi, alfajiri mwanga ukitoka inatengeneza chakula fasta fasta, jua likipanda imeshakauka tena. Mtafiti Mjerumani Otto Lange alipima hili kule jangwa la Negev, Israel, kwa laikeni inaitwa Ramalina maciformis, akakuta umande peke yake unatosha kuiamsha.

Bi_Maabara: Naongezea kidogo. Laikeni yenye mwani wa kijani inaamka hata kwa unyevu wa hewa, ila ikiwa na sianobakteria (bakteria wanaotengeneza chakula kwa mwanga kama mimea) badala ya mwani, inataka maji yenyewe ya kuilowesha. Zile sianobakteria zinazoishi zenyewe, mfano Chroococcidiopsis, zinajificha chini ya mawe ya kwatzi, mwanga unapenya kidogo na unyevu unakawia kukauka, ukigeuza jiwe unaona utando wa kijani umeganda kwa chini. Jangwa la Atacama kule Chile ziko mpaka ndani ya mabonge ya chumvi, maana chumvi inavuta unyevu hewani! Zinajifunika ute wa sukari, na nyingine zina rangi ya kahawia, skitonemini, inayokinga mionzi ya jua.

Kokoto_Njano: Asante sana dada. Sasa kukauka hivyo DNA haiharibiki?

Bi_Maabara: Inaharibika, tena sana, ila maji yakirudi seli inaanza na ukarabati. Sukari kama trehalosi nayo inashikilia protini na utando wa seli visibomoke wakati maji hayapo. Kinachoumiza zaidi ni kulowa dakika chache halafu kukauka, inachoma akiba kwa kupumua kabla haijatengeneza chakula kipya.

MzeeWaMawe: Na 2005 laikeni mbili, Xanthoria elegans na Rhizocarpon geographicum, zilirushwa na chombo cha anga za juu Foton-M2, zikakaa wazi huko nje ya dunia kama wiki mbili, zikarudi zinafanya usanisinuru vizuri tu. Ila tairi la gari haziliwezi, kule Namib gari likipita juu yake alama inabaki miaka na miaka kwa sababu zinakua polepole mno, kwa hiyo ukienda usitoke barabarani mkuu.