Radi au mafuriko: hela ya shule ianze wapi?

Mwana wa Vuli
Wadau, tangu ile radi ya Januari 2025 kule Bukombe, Geita, iliyoua wanafunzi 7 wa sekondari, kelele ni moja tu: kila shule ya serikali ifungiwe mtego wa radi kabla ya kitu kingine chochote. Mimi napinga. Radi inatisha kwa sababu ya mlio wake, maji yanaua kimyakimya. Hanang, Desemba 2023, tope lilishuka Katesh likaondoka na watu zaidi ya 80. Arusha, Aprili 2024, gari la shule lilisombwa korongoni na watoto ndani. Maji ya kina cha sentimita 30 tu, yakiwa yanakwenda kasi, yanaweza kubeba gari dogo. Kwa hiyo makalavati, mitaro na vivuko kwanza. Na huo mtego wenyewe si jambo la bajeti: nondo juu ya paa, waya mpaka chini, fundi yeyote wa mtaani anafunga. Naomba kuwasilisha.

Fundi Ethi
Mkuu, mengine yote nakuachia, ila hilo la "fundi yeyote" halipiti. Mtego uliofungwa ovyo ni balaa kuliko paa tupu, maana umeileta radi mpaka ukutani halafu ardhi haiipokei. Jengo la madarasa matatu linataka njia mbili za kushukia, moja kila kichwa cha jengo. Utepe wa shaba wa milimita 25 kwa 3, klipu kila mita 1, na usiwe na kona kali. Mafundi wako wa mtaani wanaukunja kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, kama herufi L. Radi haina subira ya kufuata kona, inaruka hapo hapo na kuingia darasani kupitia nyaya za taa. Chini unaunga ethi rodi, yaani nondo za kuzika ardhini, mbili za mita 1.2 ziende mita 2.4, seti ya pili iwe mbali na ya kwanza angalau umbali huo huo, kisha unapima. Isome omu 10 au chini yake, omu ni kipimo cha ukinzani wa ardhi kwa umeme. Na hupimi kwa ile mita ya kupimia betri ya gari, unapima kwa mashine yenye vijiti vya kuchomeka ardhini. Wangapi wanayo hapo mtaani kwako?

Mwana wa Vuli
Nimezungumzia bajeti, umeniletea katalogi. Na umethibitisha hoja yangu: kama kazi yenyewe ni ngumu hivyo, kwa nini tuanze nayo?

Chiriku
Mwanzo "nondo na waya", sasa "kazi ngumu". Shikilia moja, mleta mada.

Pwani Halisi
Nyie wa bara mnagombania radi na makorongo, kimbunga hamkitaji. Hidaya ilipotua Mtwara mlisahau?

Kipimamvua
Hidaya haikutua Mtwara. Iliingilia Mafia tarehe 4 Mei 2024 na ikaishiwa nguvu. Unachanganya na Kenneth, Aprili 2019, nayo ilitua Cabo Delgado, upande wa Msumbiji. Halafu angalia kilichotuumiza kwa Hidaya: siyo upepo, ni mvua. Barabara ya Dar–Lindi ilikatika maeneo ya Somanga. Idai kule Msumbiji, Machi 2019, wengi waliuawa na maji, kisha kikaja kipindupindu. Kwa hiyo kimbunga ukikihesabu vizuri kinaingia kwenye kapu la mafuriko.

Pwani Halisi
Mafia ni wapi kama siyo pwani? Kosa ni jina la mji tu. Na upepo usiudharau: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Paa la shule linaanza kung'oka pembeni na kwenye kona, siyo katikati. Pembeni msumari upigwe kila mgongo wa bati, katikati mgongo mmoja ndiyo mmoja hapana. Wanapiga sare kote ili kubana misumari, na kenchi wanaishikiza ukutani kwa msumari mtupu badala ya kuifunga kwa bamba la chuma lililolala ndani ya mkanda wa zege.

Msafiri wa Naivasha
Ndugu zangu, nawasoma kutoka Kenya. Mleta mada ana haki kuhusu kalavati, lakini ajue kalavati nalo huua. Mai Mahiu, 29 Aprili 2024: maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia ya chini iliziba, tuta likapasuka usiku, makumi ya watu wakafa wakiwa vitandani. Ukijenga kalavati bila mtu wa kulizibua, umejenga bwawa ambalo halikuchorwa na mhandisi.

Jangwa
Mnahesabu saba, themanini, makumi. Njaa ya ukame Somalia, 2010 hadi 2012, iliondoka na watu karibu 260,000. Hatari kubwa kuliko zote ni mvua isiyokuja, na hakuna anayeiandikia uzi.

Chiriku
Umehamisha magoli, bosi. Swali ni hela ya shule.

Jangwa
Magoli yalikuwa mafupi.

Mkulima wa Pamba
Turudi kwa Fundi. Utepe wa shaba kwenye shule ya kijijini utakaa siku ngapi? Wiki ya pili uko kwenye mizani ya mnunua skrepa. Tena wezi wanakata kipande cha chini tu, kile cha mita mbili kinachofikika kwa mkono. Ukiangalia juu unaona mtego upo, mwalimu mkuu anaamini wako salama, kumbe waya unaning'inia hewani.

Fundi Ethi
Kweli kabisa, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Dawa: tumia utepe wa chuma chenye zinki, bei yake kwa skrepa ni ndogo kuliko ya shaba. Au mita mbili za chini zifunike kwa bomba la plastiki nene na zege. Na kwa paa zetu chuma chenye zinki ni bora hata bila wizi: maji ya mvua yakitiririka kutoka kwenye shaba kuja kwenye bati, yanakula zinki na bati linaota kutu kwa mstari. Kitu kimoja: chuma hicho kipite kwenye udongo kikiwa kinene, na alumini usiizike kabisa, udongo unaila.

Kipimamvua
Swali la kizushi: paa la bati si tayari ni chuma? Kwa nini nondo juu yake?

Fundi Ethi
Siyo la kizushi. Bati likishushiwa ethi ipasavyo linasaidia, lakini geji 28 na 30 zote ziko chini ya nusu milimita, radi inaweza kulitoboa na kudondosha chuma kilichoyeyuka kwenye dari ya mbao. Na bati lililokaa juu ya mbao na matofali bila ethi ni sahani tu, radi ikiifikia inaruka kwa aliye karibu. Kuhusu vipimo, msikubali cheti cha Aprili. Udongo ukiwa umelowa masika kila ethi inasoma vizuri. Pimeni Septemba, ardhi ikiwa kavu, kwa sababu radi za mwanzo wa vuli zinakuta udongo haujalowa bado.

Mwana wa Vuli
Sasa tumefika kwenye kupima udongo. Hongereni.

Mwalimu wa Zamu
Hata huo mtego ukifungwa vizuri hauwalindi watoto walio uwanjani. Na wanapokimbilia barazani wanasimama pale pale utepe unaposhukia. Watu wengi hawauawi na radi iliyowapiga kichwani, ni umeme unaosambaa ardhini: unaingia mguu mmoja na kutokea mwingine. Ndiyo maana ng'ombe hufa kundi zima, miguu yake imeachana. Utepe ushukie nyuma ya jengo, na mita 3 kuzunguka asisimame mtu. Kuanzia mmweko hadi ngurumo hesabu sekunde, kila 3 ni kilomita moja. Zikifika 30 au pungufu, wote ndani, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hiyo haina tenda wala mkandarasi. Na aliyepigwa ashikwe, hana umeme mwilini. Mara nyingi moyo unarudi wenyewe ila pumzi hairudi, kwa hiyo mpulizieni hewa mdomoni, na mapigo yasipokuwepo bonyezeni kifua.

Mkulima wa Pamba
Nguo nyekundu je?

Mwalimu wa Zamu
Tafadhali.

Chiriku
Nani anawaita ndani, mwalimu? Kengele ya shule nyingi ni rimu ya gari imening'inizwa kwenye mwembe. Mtoto anatumwa kuigonga kwa kipande cha nondo, chini ya mti mrefu kuliko yote uwanjani, ngurumo inalia.

Mwalimu wa Zamu
Hapo umenipata.

Fundi Ethi
Rimu ihamishwe ndani ya baraza, mita 3 kutoka kwenye utepe. Au filimbi.

Pwani Halisi
Filimbi haisikiki mvua ikipiga bati.

Fundi Ethi
Ngurumo hutangulia mvua, bosi. Ukingoja bati lilie umeshachelewa.

Mwana wa Vuli
Mada ilikuwa makalavati.

Chiriku
Taja basi hata kipenyo, tangu asubuhi hujataja namba ya bomba hata moja.

Mwana wa Vuli
Milimita 900. La 600 linazibwa na gogo moja la mgomba.