Pama za askari wa KAR huko Burma mwaka 1944: ukingo uinuliwe au uachwe chini?

Mchongaji_35 ameuliza:

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninatengeneza visanamu vinne vya askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katika kipimo cha 1/35, wakishuka Bonde la Kabaw kuelekea Mto Chindwin wakati wa mvua za mwaka 1944. Miili, silaha na mizigo nimekwisha kuimaliza. Kilichonikwamisha ni kofia. Vichwa nilivyo navyo vimevaa pama zilizoinuliwa ukingo upande wa kushoto, umesimama wima kama ukuta, ilhali katika picha za wakati ule ninaona askari wengi ambao ukingo wao umeshuka pande zote. Picha moja ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa askari aliyemo ameinua ukingo wa kulia. Je, kulikuwa na kanuni, au kila mtu alivaa apendavyo? Ningependa pia kujua namna ya kuifanya felti (kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa) ionekane kuwa felti, kwani hadi sasa kofia zangu zinafanana na vifuniko vya sufuria.

BrashiKavu amejibu:

Kanuni ilikuwapo, ila ilikuwa ya gwaride. Pama ya jeshi la Uingereza ilikuwa na kifungo cha kubonyeza upande wa kushoto, na ukingo ulibanwa hapo kwa sababu ya bunduki: askari anapoamriwa kuweka silaha begani, Lee-Enfield hulala kwenye bega la kushoto na kupita jirani sana na kichwa, hivyo ukingo mpana ungekuwa unagongwa kila mara. Waaustralia nao huinua upande huohuo na kuubandika beji yao ya jua linalochomoza.

Msituni sababu hiyo haikuwapo. Divisheni ya 11 iliingia Bonde la Kabaw mwezi Agosti, monsuni ikiwa imepamba moto, ikiwafukuza Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma baada ya kushindwa Imphal, kaskazini-mashariki mwa India. Mtu anayetembea katika mvua ya namna ile, huku matawi yakimdondoshea maji shingoni, hana faida yoyote ya kuliacha sikio la kushoto wazi. Kwa hiyo, ndugu yangu, anza na swali la kisanamu chako kinafanya nini. Anayepanda kilima na mzigo mgongoni ashushe ukingo. Aliyepumzika kambini, au aliyepangwa mstari kwa ajili ya mpiga picha, anaweza kuuinua bila kosa lolote.

Naomba usikimbilie kuufanya ukingo huo kuwa tambarare. Felti hukumbuka ilivyokunjwa. Kofia iliyobanwa kushoto kwa miezi kadhaa, ikishushwa, hubaki na mshono wa mkunjo karibu na utepe, na upande huo huinukainuka kama jani lililoanza kukauka, wakati upande wa kulia umelala kwa utulivu. Mbele, ukingo huinama kidogo juu ya macho, kwa sababu mvaaji hukamata kofia hapo kila anapoivua. Nyuma husukumwa juu na mzigo, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: tunabandika kichwa juu ya mwili uliokwisha kubeba begi, halafu ukingo unapita ndani ya begi kana kwamba begi ni moshi.

Mtazama_Picha amejibu:

Ninaunga mkono maelezo ya hapo juu na ninaongeza neno moja kuhusu askari wako aliyeinua ukingo wa kulia. Kabla ya kumwamini, tazama bunduki yake. Kishikio cha kukoki cha Lee-Enfield kiko upande wa kulia wa bunduki. Kikionekana upande wa kushoto, basi picha imechapwa kinyume, na kila kilichomo kimehama upande. Kama bunduki haionekani vizuri, angalia vifungo vya shati: katika nguo za kiume upande wa kushoto wa mvaaji ndio unaolala juu ya ule wa kulia. Nimewahi kuona visanamu vya kupendeza sana vilivyoharibiwa na picha moja iliyogeuzwa, na aliyevitengeneza alikuwa mwangalifu kuliko mimi.

Ukingo wa kulia una wenyewe, lakini katika vita vingine. Wajerumani wa Schutztruppe, jeshi lao la makoloni, ndio walioinua upande huo na kuubana kwa alama ya duara yenye rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kofia za wale wa Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikuwa na utepe mweupe, na za wale wa Afrika ya Kusini Magharibi utepe wa buluu. Hizo zilikuwa kofia za Wazungu wao. Askari Waafrika wa pande zote mbili katika vita vya 1914 hadi 1918 walivaa vikofia vyenye kitambaa cha kufunika shingo, kwa hiyo mtu asichukue vichwa vyako vya Burma akavipeleka katika vita hivyo.

PutiNaWembe amejibu:

Mimi nitajibu lile la vifuniko vya sufuria, maana hesabu yake ni rahisi. Felti ya kofia ina unene wa milimita tatu hivi. Ukigawa kwa 35 hupati hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukingo wa plastiki kutoka kiwandani ni mnene mara kadhaa kuliko hapo, na jicho hulitambua hilo hata kabla ya kuona rangi. Usijaribu kuupunguza wote. Ukwangue kwa wembe kutoka upande wa chini, ukielekea nje, mpaka pembe ya mwisho iwe nyembamba kama karatasi. Mtazamaji huona pembe hiyo tu, na unene uliobaki ndani hufichwa na kivuli.

Kwa vichwa ambavyo ukingo wake unashushwa, kata ukingo wa kushoto wote kisha uujenge upya kwa puti ya epoksi. Itandaze juu ya kioo chenye unga wa poda, iache hadi ianze kushika, ndipo uikate na kuibandika, kwani ikiwa laini mno hunyong'onyea na ikichelewa hupasuka. Mawimbi yatie kwa brashi iliyoloweshwa maji, si kwa chuma.

Kuhusu rangi, kofia haikuwa kijani kama sare za msituni. Ilikuwa ya kaki inayoelekea hudhurungi, na utofauti huo na shati ndio unaokipa kisanamu uhai. Kwa kuwa askari wako wananyeshewa, ifanye felti iwe nyeusi zaidi ukingoni, ambako maji hukusanyika, na juu ya utepe, ambako jasho hupanda kutoka ndani. Usiweke rangi yoyote ya kung'aa: felti iliyolowa hunywa mwanga. Matone machache yanayong'aa yaweke chini ya ncha ya mbele tu, pale maji yanapochuruzika.

Mchongaji_35 amejibu:

Ninawashukuru sana, ndugu zangu. Nimerudi kwenye ile picha na kioo cha kukuzia, na kweli kishikio cha kukoki kiko kushoto, na shati limefungwa kinyume. Nilikuwa nimeitazama kwa wiki mbili bila kuona hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Nimeamua watatu washushe ukingo. Wa nne, ambaye ameketi juu ya gogo akifungua kopo la chakula, nitamwachia umebanwa kushoto, ila nitaulegeza kidogo ili usiendelee kusimama kama ukuta. Jana nilikwangua kofia ya kwanza, na nyuma yake nimekata sehemu ndogo ili ukingo ukwee juu ya begi. Puti ya upande wa kushoto nimeibandika leo asubuhi, na mkunjo karibu na utepe umetokea wenyewe nilipoubonyeza kwa brashi.