Mnatukopa bure, sisi tunakopa kwa riba! Wafanyabiashara wadogo Kampala tumechoka

Jamani, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Nani aliwaambia wanunuzi wakubwa kwamba karakana ndogo ni benki?

Nachomelea vyuma hapa Katwe. Shule moja ya bweni ikaniagiza vitanda vya dabodeka, vile vya ghorofa. LPO (hati ya kuagiza mali) safi, mhuri juu. Chuma nilinunua taslimu, maana muuza chuma habebeki kwa maneno. Vijana wa karakana wanataka chao kila Jumamosi. Vitanda vimefika, watoto wanavilalia. Hela? Mhasibu wa shule: "Ssebo (bwana), subiri ada ziingie." Ada zikaingia. "Ssebo, mwenye kusaini amesafiri." Muhula ukafungwa, mwingine ukafunguliwa, sasa hata simu hapokei. Banange!

Na ukiuzia wale wakubwa walioteuliwa na URA, mamlaka ya mapato, kukata kodi, wanakata asilimia 6 kabla hela haijakufikia, eti utaihesabia kwenye ritani, yaani hesabu ya kodi unayopeleka URA. Sawa, lakini kodi ya pango hailipwi kwa ritani.

Pengo naliziba kwa mkopo. Benki Kuu ilishusha riba yake hadi 9.75% Oktoba 2024; huku kaunta bado tunaambiwa 18 kwenda juu. Halafu leta hati ya ardhi. Mimi nina kibanja, yaani kiwanja kisicho na hati, na karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Afisa mikopo aliitazama, akanisogezea kwa ncha ya kidole.

Mtasema kuna PDM, mpango wa serikali wa kukopesha wananchi. Ndiyo, shilingi milioni 100 kila parishi (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa), mtu anapata milioni 1 kwa riba ya 6%. Sina kijicho, mwenye kuku naye ale. Ila milioni 1 kwangu ni chuma cha vitanda vichache tu. Na juu kabisa, mgeni akileta dola milioni 10 za kiwanda kinachokidhi masharti, anasamehewa kodi ya mapato miaka 10. Sisi wa katikati tuko kwenye daftari la nani?

Aprili 2024 maduka yalipofungwa mjini kupinga EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, wengine walidai hatupendi risiti. Risiti nitatoa! Wekeni na sheria yenye meno: umepokea mali, lipa ndani ya siku 30, ukichelewa unalipa riba kama ninayolipa mimi.

Wenzangu mnaouzia shule na hoteli, hiyo arbuni mnaipataje kabla ya kukata chuma? Nikidai nusu mbele, wananiambia fundi wa jirani hadai.